Shuka Jeupe, Ukuta wa Krimu: Kisa cha Wawili Waliotafuta Mtindo wa Chumba cha Bweni

## Usuli

Kisa hiki kinahusu wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza waliopangiwa chumba kimoja bila kujuana. Chuo, jengo na majina nimeviondoa. Nitawaita kwa vitanda vyao: Dirishani, ambaye kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na Mlangoni, aliyefika wa pili akakuta kilichobaki. Mimi nilikuwa mlezi wa ghorofa yao, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye kazi ya kusikiliza malalamiko kabla hayajafika ofisini. Mengi niliyaona kwa macho, mengine nimeyapata kwao wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili waliyasoma maelezo haya kabla hayajatoka, na Mlangoni alisahihisha mahali pawili.

Sikukichagua kwa sababu mambo yaliharibika vibaya. Hakuna aliyehama, na hakuna aliyemnunia mwenzake zaidi ya wiki moja. Nimekichagua kwa sababu walianza pale ambapo karibu kila anayepamba chumba cha bweni huanzia: kwenye jina la mtindo. Chumba chenyewe kilikuja baadaye, kama mtu aliyechelewa kufika kwenye kikao kinachomjadili yeye.

Wiki tatu kabla ya chuo kufunguliwa walipeana namba za simu wakaanza kutumiana picha. Dirishani alituma vyumba vyeupe: kitanda cheupe, pazia jepesi, meza ya mbao za rangi ya asali, kiti kimoja, tawi moja ndani ya chupa. Ndio ule unaoitwa mtindo wa Skandinavia. Mlangoni akajibu kwa vyumba vilivyoshonana: vitambaa juu ya vitambaa, mito ya kila rangi, taa ndogondogo za kamba, mimea inayoning'inia, kuta zilizojaa picha hadi karibu na dari. Huo wengi huuita boho. Kila mmoja alizitazama picha za mwenzake akashtuka, na kila mmoja, kwa adabu, akaandika "nzuri sana". Mwisho wakaafikiana nusu kwa nusu. "Wewe upande wako, mimi upande wangu," aliandika Dirishani. Mlangoni akaweka alama ya dole gumba. Wakaenda kununua.

## Chumba chenyewe

Hapa naomba uvumilie vipimo, maana kisa chote kimelala humu.

Upana wa chumba ulikuwa mita 3.4 na urefu wake mita 4.6, yaani mita za mraba 15.6 kwa watu wawili, vitanda viwili, meza mbili za kusomea na makabati mawili yaliyofungwa ukutani. Dirisha lilikuwa moja tu, la upana wa mita 1.2, kwenye ukuta mmoja mfupi. Mlango ulikuwa kwenye ukuta mfupi wa pili, ukitazamana nalo. Kwa hiyo mwanga wa mchana uliingia upande mmoja, ukapita juu ya kitanda cha Dirishani, ukakatwa na kabati lake, na kufika kwa Mlangoni ukiwa umeshachoka. Saa sita mchana, siku ya jua kali, Mlangoni aliwasha taa ili asome.

Kuta zilikuwa za krimu, rangi ya mafuta yenye mng'ao kidogo, ile ambayo wasimamizi wa majengo huipenda kwa sababu inafutika. Sakafu ilikuwa ya vigae vya plastiki vya kijivu. Samani zote zilikuwa za mbao za kahawia inayoelekea kwenye wekundu. Katikati ya dari palikuwa na taa moja ndefu ya mrija, mwanga mweupe wa baridi, kelvini 6500 kama ilivyoandikwa ubavuni mwake (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ikipanda mwanga huelekea buluu, ikishuka huelekea njano). Swichi yake ilikuwa moja, karibu na mlango.

Kanuni za bweni zilijaa ukurasa mmoja. Hakuna misumari, hakuna kupaka rangi, hakuna mishumaa, hakuna kuning'iniza kitu darini wala kuziba kifaa cha kutambua moshi, hakuna kuchomeka ekstensheni moja kwenye nyingine. Wote wawili walikuwa wametia saini. Hakuna aliyesoma. (Nami sikuzisoma mwaka wangu wa kwanza, kwa hiyo sina la kusema.)

## Yaliyotokea

Dirishani alifika asubuhi akatandika. Nilikuwa kizingitini nikigawa funguo nilipomwona akilinyoosha shuka lake jeupe kwa viganja vyote viwili, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka likawa halina hata mkunjo. Akarudi nyuma hatua mbili akalitazama. Kisha akautazama ukuta. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akaufuta ukuta pale juu ya mto. Kitambaa kilitoka safi. Akafuta tena, safari hii kwa nguvu. Safi vilevile. "Dada," akaniambia, "huu ukuta una uchafu usiotoka." Siku mbili baadaye alileta ombi la maandishi la kupakiwa rangi upya. Lilikataliwa.

Mlangoni alifika jioni. Kufikia usiku alikuwa ameshabandika picha kumi na nne kwa vipande vya kunata, ametandaza kitambaa kikubwa cha rangi ya kutu kutoka juu ya kabati lake hadi juu ya mlango kikapita chini ya dari kama hema, amepitisha taa za kamba ndani yake, na kupanga vyungu vitatu vya mimea juu ya kabati. Mito ilikuwa kumi na moja. Niliihesabu kwa sababu kila usiku ilibidi ishuke sakafuni ili mwenyewe apate pa kulala.

Usiku wa nne picha zikaanza kuanguka, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilidondoka saa nane usiku, ikakigonga chungu, chungu kikaja nacho. Asubuhi Mlangoni alivibandua vipande vya kunata kwa kuvivuta kuja kwake, na mabaka manne ya rangi ya ukuta, kila moja sawa na ukucha wa dole gumba, yakatoka navyo.

Wiki ya pili ulikuja ukaguzi wa moto. Kitambaa cha darini kiliteremshwa papo hapo. Mkaguzi alieleza bila ukali: kitambaa kilichotandazwa juu na chenye taa za umeme ndani yake kikishika moto, moto hutambaa chini ya dari kwa kasi, na hiki kilikuwa kimekiziba kifaa cha moshi kabisa. Mlangoni alilia. Nilidhani ni aibu, lakini alichoniambia ni kwamba chini ya kitambaa kile alikuwa anasahau kuwa dirisha liko mbali. Niliisikia kauli hiyo nikaipita. Nitairudia.

Wakati huo chumba kilionekana kama vyumba viwili vilivyogongana njiani. Nusu moja ilikuwa nyeupe na tupu, nusu ya pili imejaa na giza, na mstari wa mpaka ulipita katikati ya sakafu bila mtu kuuchora. Aliyeingia aliona mpaka kabla ya kuona chumba.

Ugomvi wenyewe ulikuja wiki ya tatu, na haukuhusu mtindo hata kidogo. Ulihusu taa. Dirishani alikuwa mtu wa kulala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mlangoni alisoma hadi saa saba usiku. Taa ilikuwa ile moja ya mrija. Siku walipokuja kwangu, Dirishani alikuwa na taulo shingoni, ile aliyokuwa akijifunika macho.

"Tulisema wewe upande wako, mimi upande wangu," alisema.

"Mwenzangu," Mlangoni akamjibu, "taa ina upande gani?"

## Maamuzi na sababu zake

Jambo la kwanza walilolikubali ni kutoa kila kitu. Mito, picha, mimea, vitambaa na hata tandiko jeupe vilikwenda stoo ya ghorofa, na kwa siku mbili waliishi na mashuka ya bweni na samani tupu. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: jicho likishazoea vitu halikioni tena chumba. Mlangoni alizichukia siku hizo. Dirishani alizipenda mno, na upendo huo ungepaswa kunishtua mapema.

La pili, badala ya kuwauliza wanapenda nini, niliwataka waandike saa. Uko chumbani saa ngapi, unafanya nini, umekaa wapi. Karatasi zilionyesha kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekifikiria: siku za masomo wote wawili walitoka asubuhi na kurudi jioni, na muda walioutumia pamoja wakiwa macho ulikuwa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Chumba chao kilikuwa chumba cha usiku. Picha zote walizotumiana zilipigwa mchana.

Hili ni zito kuliko linavyoonekana. Weupe wa mtindo wa Skandinavia una kazi yake. Umekulia kwenye nchi za baridi ndefu na siku fupi, ambako kuta na vitambaa vyeupe huusukuma mwanga haba wa dirishani hadi kwenye pembe za chumba. Ukiupeleka kwenye chumba kinachotumika usiku chini ya mrija wa kelvini 6500, weupe hauna mwanga wa mchana wa kuusukuma. Unaurudisha ule wa mrija, na kitanda kinafanana na cha zahanati. Boho nayo iliumia. Taa za bei ya chini nyingi hazionyeshi rangi kwa uaminifu. Kwenye pakiti kipimo hicho huandikwa CRI. Cha juu kabisa ni 100, na taa nyingi za kawaida huwa kwenye 80 hivi. Rangi za wekundu ndizo huathirika sana, na kitambaa cha rangi ya kutu kilichowaka vizuri dukani kilikuwa kahawia iliyokufa chini ya ule mrija.

La tatu ndilo lililobadilisha mambo: tulianza na vitu visivyobadilika. Dirishani alichukua karatasi nyeupe ya kuchapia akaibandika ukutani, kisha kwenye kabati, kisha akailaza sakafuni, na kila mara akapiga picha, mchana taa ikiwa imezimwa na usiku ikiwa imewaka. Karatasi haina mapenzi na mtu. Ilionyesha kwamba ukuta unaelekea njano na mbao zinaelekea wekundu, yaani karibu kila kitu chumbani kilikuwa upande wa joto, isipokuwa sakafu, taa ya darini na shuka la Dirishani.

Hapo ule uchafu usiotoka ukapata maelezo. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins cha Paris, kinachofuma mazulia ya ukutani, aliletewa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya nyuzi za kiwanda imefifia. Alipochunguza akakuta nyuzi hazina kasoro. Zilionekana zimepauka kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Alichapisha uchunguzi wake mwaka 1839, na tangu hapo wachoraji na wapambaji wanajua kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja huisukuma mwenzake kwenda mbali nayo. Shuka la Dirishani liliongezewa nguvu na kitu kingine: vitambaa vyeupe vya dukani mara nyingi hutiwa kemikali ya kung'arisha inayomeza mionzi ya urujuanimno ya jua na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Likilazwa chini ya dirisha, shuka la namna hiyo huonekana jeupe kupita kawaida. Krimu iliyo jirani yake haina pa kwenda ila njano, tena njano ya kuchakaa.

Ukuta ulikatazwa kubadilishwa, kwa hiyo akabadili kitanda. Shuka jeupe lilibaki chini, juu yake likaja tandiko la rangi ya maziwa. Siku alipolitandaza alikaa kitako kwenye kiti cha mwenzake akaangalia ukuta kwa muda. "Umetakata," akasema, na hakuna aliyeugusa.

Wapambaji wana kanuni yao ya 60-30-10: asilimia 60 ya chumba iwe rangi ya msingi, 30 rangi ya pili, 10 rangi ya kukoleza. Bwenini kanuni hii inapotosha, kwa sababu ile 60 umeshachaguliwa na aliyejenga. Unachocheza nacho ni kilichobaki, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni vitanda. Vitanda viwili vya sentimita 90 kwa 190 huchukua mita za mraba 3.4, zaidi ya moja ya tano ya sakafu ya chumba hiki. Ndiyo maana tulianza na matandiko na kuacha mapambo ya ukutani mwisho. Mlangoni alichagua rangi ya kutu, ndugu wa wekundu wa zile mbao, Dirishani akabaki na maziwa, na wote wakakubali kijani iliyokolea ionekane kidogokidogo pande zote mbili: foronya moja kwa kila kitanda, kikombe cha kalamu, kitambaa cha kiti. Kijani ilikuwa wazo la Mlangoni. Ndiyo iliyoufuta ule mpaka.

Kuhusu taa waliandikiana mkataba wa mstari mmoja: mrija unazimwa saa mbili usiku. Baada ya hapo kila mmoja na taa yake ya mezani, yenye kofia inayoelekeza mwanga chini, balbu ya LED ya kelvini 2700. Kwa meza ya Mlangoni tulipima kwa simu. Programu za simu hazina usahihi wa maabara, lakini chini ya mrija daftari lake lilipata luksi 120 hivi (luksi hupima mwanga unaofika juu ya kitu), kwa sababu alikaa akiipa taa mgongo na kusomea ndani ya kivuli chake mwenyewe. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka luksi 500 mahali pa kusoma na kuandika. Pengo hilo halihitaji maabara. Taa ndogo ilitosha, kwa sababu chanzo cha mwanga kikisogezwa kutoka sentimita 80 hadi 40 daftari hupata karibu mara nne. Dirishani akaacha taulo.

Ukutani, Mlangoni alipata eneo lake: upana wa mita 1.3 kati ya kabati na kona, kando ya kitanda. Tuliweka fimbo ya kubana, ile yenye springi ndani inayojikaza yenyewe pande mbili, na kile kitambaa chake kikaning'inia hapo kikiwa kimelala ukutani, bila taa ndani yake, mbali na soketi. Tulimwita mkaguzi aje aone kwanza, akaridhia. Picha zake zikabanwa kwa pini kwenye kitambaa chenyewe. Ukuta haukuguswa. Hii ndiyo mbinu ninayompa kila anayeniuliza sasa.

Picha chache za Dirishani zilibandikwa kwa vipande vya kunata vilevile vilivyomwangusha mwenzake, ila safari hii kwa kufuata maelezo ya pakiti: futa ukuta kwa spiriti, kandamiza kwa sekunde 30, subiri saa nzima kabla ya kutundika kitu. Mlangoni siku ile alikuwa amebandika juu ya ukuta uliopanguswa kwa sabuni ya bweni yenye mafuta, na kutundika palepale.

Zulia nalitaja kwa sababu haki inadai. Walinunua pamoja dogo la sentimita 60 kwa 90 wakaliweka katikati ya chumba, likakaa kama stempu kwenye bahasha. Zulia la katikati ama lifike chini ya miguu ya vitanda, ama lisiwepo. Lile liliishia kupokea viatu mlangoni.

## Matokeo

Kufikia wiki ya sita malalamiko yalikwisha. Ukaguzi wa pili wa moto ulipita bila neno. Mmea mmoja kati ya miwili iliyobaki ulihamia dirishani, kwa ridhaa ya mwenye dirisha. Wa pili, sansevieria, ambao huvumilia mwanga hafifu, ulibaki juu ya kabati la Mlangoni na ukanawiri mara tu alipoacha kuumwagilia kila siku. Mwisho wa mwaka walitozwa yale mabaka manne ya wiki ya kwanza, hakuna jingine.

Wenzao wa ghorofa walikuja kukitazama chumba na kuuliza huo ni mtindo gani. Hawakuwa na jibu.

Wiki ya nane Mlangoni alinifuata peke yake. "Dada, chumba ni kizuri," alisema. "Ila si changu."

## Uchambuzi

Kilichofaa ni mpangilio wa maswali. Saa kwanza, vitu visivyobadilika pili, vitanda tatu, rangi ya kukoleza nne, na jina la mtindo halikuulizwa kabisa. Kila uamuzi uliotokana na kipimo ulidumu mwaka mzima: tandiko la maziwa, taa za mezani, fimbo ya kubana. Mkataba wa taa nauweka juu ya vyote. Wangeweza kuishi na rangi zinazopigana, usingizi usingengoja.

Kutoa vitu vyote kulisaidia na kuliumiza kwa wakati mmoja. Kwangu chumba kitupu kilikuwa sufuri, mahali pa haki pa kuanzia. Haikuwa hivyo. Utupu nao ni mtindo, na ulikuwa mtindo wa Dirishani. Tulipoanza kurudisha kitu kimoja kimoja, yeye hakuwa na cha kudai, kwa kuwa alichokitaka kilikuwa kimeshapatikana. Mlangoni ndiye aliyelazimika kutetea kila mto. Akawa mwombaji ndani ya chumba chake, na mimi nikawa naona upatanisho unakwenda vizuri kwa sababu alikuwa anakubali. Leo nikirudia kazi hii, kila mmoja angechagua vitu vitatu visivyojadiliwa, na hivyo vingebaki ndani wakati vingine vinatolewa.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Karatasi za saa nilizikusanya wiki ya tatu nikazisoma kwa haraka, nikitafuta tu muda wanaokuwa pamoja. Kulikuwa na jambo jingine humo, limeandikwa kwa mkono wa Mlangoni: Jumamosi na Jumapili, mezani, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Dirishani kwenye safu hiyo aliandika "maktaba". Yaani mwenye dirisha hakuwapo mchana hata siku moja, na aliyekuwapo alikuwa mita nne ndani, ukutani, na taa imewaka. Ukiongeza ile kauli yake ya wiki ya pili, kwamba chini ya kitambaa anasahau dirisha liko mbali, jibu lilikuwa limeshaandikwa na kusemwa. Mimi nilikuwa nazungumzia rangi.

Wasanifu wakubwa hawafanyi kosa hili. Alvar Aalto alipochora bweni la Baker House la chuo cha MIT, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1949, alilipinda jengo zima kama wimbi ili vyumba vingi iwezekanavyo vipate kuutazama mto ulio mbele yake. Alianza na dirisha. Sisi tulilikuta dirisha tukalihesabu kama mali ya kitanda kilichokuwa chini yake, kwa sababu tu mtu mmoja aliamka mapema siku ya kufungua.

Kilichofuata kilichukua dakika ishirini. Makabati yalikuwa yamefungwa ukutani lakini meza zilisogea. Mwanzoni mwa muhula wa pili meza ya Mlangoni ilikwenda dirishani na ya Dirishani ikaja karibu na mlango. Vitanda vilibaki palepale, kwa kuwa Dirishani aliitaka alfajiri yake. Hatukununua kitu, hatukubandika kitu.

Jumapili iliyofuata nilipita kugawa barua. Mlangoni alikuwa mezani, jua limemfika hadi kwenye viwiko, taa imezimwa. Kitambaa cha rangi ya kutu kilikuwa ukutani bado, na picha zake zote. Kitandani niliihesabu mito kwa mazoea. Ilikuwa minne. Nilipouliza, alisema mingine saba iko kabatini, hakumbuki vizuri aliitoa lini.